Binti yangu haamini kwamba mbabula imezimika

*Shangazi, binti yangu ana miaka 17. Kila usiku ananiuliza kama makaa ya mbabula, jiko letu la makaa, yamezimika kweli. Nikimjibu anauliza tena, mpaka ananiapisha kwa jina la Mungu. Mdogo wake tunamtuma nje na tochi akaangalie, halafu anatumwa tena. Baba yao anamgombeza, anasema ni ukaidi. Mawifi wanasema ni pepo. Shuleni anasinzia. Nifanye nini? – Mama wa Kadutu, Bukavu*

Pole sana, mama. Ninyi mnaoishi kwenye nyumba za mbao zilizobanana huko mlimani mnajua moto wa jiko moja unavyoweza kula mtaa mzima, kwa hiyo hofu ya binti yako ina asili yake. Anayeangalia makaa mara moja kisha akalala ana busara tu. Lakini huyu hata akiyaona majivu, akayamwagia maji, akayagusa yakiwa baridi, bado moyo utamwambia "huenda". Hilo si pepo wala ukaidi. Kwa unavyoeleza, linafanana sana na ugonjwa ambao madaktari wa huku huuita TOC: wazo la kutisha linaingia bila kualikwa, na mtu anasukumwa kurudia jambo fulani ili apate kutulia.

Utulivu huo haudumu. Akiangalia, hofu inashuka kidogo, na akili inajifunza kwamba nyumba imepona kwa sababu aliangalia. Kesho itadai zaidi. Sasa nisikilize vizuri, mama, maana hapa ndipo penye uzito: kukuuliza wewe ni kuangalia kwa njia nyingine. Kiapo chako na tochi ya mdogo wake vinafanya kazi ileile. Mnafanya kwa upendo, mnataka alale, na karibu kila familia yenye mgonjwa wa namna hii hufanya hivyo. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha maswali ya kupima jinsi ndugu wanavyoshiriki katika vitendo vya mgonjwa, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba pale ndugu wanaposhiriki zaidi, dalili huwa kali zaidi na tiba huenda kwa taabu. Kelele za baba nazo hazisaidii. Zinamwongezea aibu na woga, na woga ukipanda, maswali yanaongezeka. Mwambie hivyo mkiwa wawili, si mbele ya mtoto.

Lakini usije ukasoma haya ukaamua kuacha yote leo usiku! Kumnyima jibu ghafla bila yeye kukubali ni kumtesa. Kaa naye mchana, akiwa ametulia, umweleze kwamba mnaupiga vita ugonjwa, si yeye. Mpange pamoja, na yeye ndiye achague pa kuanzia. Pengine ataona ni rahisi kuachana kwanza na safari za mdogo wake. Wiki zinazofuata mkubaliane kwamba yeye mwenyewe ataangalia mbabula mara moja, na wewe utajibu mara moja. Akirudia kuuliza, mwambie: "Mwanangu, naona hofu imekuja. Nilishakujibu. Niko hapa na wewe." Usiape. Mshike mkono ukitaka, lakini jibu usilirudie.

Siku za mwanzo atalia, atakasirika, na maswali yanaweza kuzidi kabla ya kupungua. Hapo ndipo wengi wetu hulegea. Na kama wewe umekaza huku bibi yake chumba cha pili anamnong'oneza "imezimika, mjukuu wangu", kazi yote inarudi nyuma. Nyumba nzima ikubaliane. Siku akivumilia dakika 10 bila kuuliza, msifu, na baba amsifu pia.

Msibebe mzigo huu peke yenu. Hapo Bukavu kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili. Mpeleke, na baba aje ili ayasikie kwa masikio yake. Tiba ya mazungumzo inayofaa zaidi ni ile ya kumzoesha mgonjwa kuikabili hofu hatua kwa hatua bila kufanya kile kitendo, njia ambayo mwanasaikolojia Victor Meyer aliielezea London mwaka 1966. Daktari anaweza pia kumwandikia dawa kama fluoksetini au setralini. Hizo huchukua wiki nyingi, hata 12, kabla hazijaonyesha nguvu zake, kwa hiyo msizikatishe wiki ya pili mkidhani zimeshindwa.

Mawifi wakitaka kumwombea, waombe, mradi asifungishwe njaa wala kupigwa eti pepo litoke. Na akianza kusema amechoka kuishi, msingoje miadi: mpelekeni siku hiyohiyo, na usiku msimwache peke yake.