Jenereta inanguruma poa ila haitoi umeme

Mkuu umesema jenereta ya petroli ilikaa stoo miezi kibao, sasa inawaka freshi ila soketi hazina moto kabisa na fundi anataka ununue AVR mpya (kile kifaa kinachodhibiti volti za jenereta). Usinunue kwanza! Rudisha breka ya pembeni (ile swichi inayojikata mzigo ukizidi) ujaribu. Ikigoma zima, chomoa kila kitu, fungua kava la nyuma ucheki kaboni (vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye rota, yaani sehemu inayozunguka ndani), mashine ikilala muda mrefu kaboni hunasa na zile ringi za shaba za rota zinazoguswa na kaboni zinaota weusi, pitisha msasa laini mpaka zing'ae. Kama bado basi mi nahisi imepoteza usumaku (ule mdogo unaobaki kwenye rota wa kuanzishia umeme), hii inatokea sana kwa mashine zilizolala, hapo injini ikiwa imezimwa chomoa waya mbili za AVR zinazoenda kwenye kaboni (piga picha kwanza usije ukazigeuza), gusisha betri ya volti 12 kwenye kaboni, chanya ya betri kwa kaboni iliyokuwa na waya chanya wa AVR, sekunde mbili tatu tu, rudisha waya, washa, upime na mita. Ikisoma volti 230 hivi umemaliza. Ikibaki sifuri ndo umwambie fundi apime waya za rota kabla ya kugusa AVR. Na tafadhali usiiwashie ndani, ule moshi unaua kimyakimya.