Saa ya automatiki ya kupigia mbizi kwa bei nafuu: uliza mashine na raba kwanza, jina baadae

Watu wakiona navaa hizi saa swali la kwanza huwa ni lile lile, ninunue Seiko au Orient au Citizen, na mi jibu langu siku zote ni uliza kwanza ndani kuna mashine gani na maji yanazuiwa na nini, jina tutaliongelea baadae. Kwenye saa za bei ya chini kiwanda lazima kibane matumizi mahali fulani, sa kazi yako mnunuzi ni kujua wamebania wapi. Wakibania kwenye mkanda hamna shida, mkanda unabadilishwa hata kesho. Wakibania kwenye krauni, kile kidude cha pembeni cha kurekebishia saa, au kwenye raba za ndani zinazozuia maji, hapo umenunua pambo la mkononi tu, maji usilisogeze karibu.

Tuanze na mashine. Saa ya automatiki haina betri, ndani kuna springi kuu na juu yake kuna rota, kipande cha chuma cha nusu duara kinachozunguka kila ukitembeza mkono, na kule kuzunguka ndo kunajaza springi. Kwenye bei za chini utakutana sana na mashine za Seiko na za Miyota, ambayo ni ya Citizen. NH35 ya Seiko ndo utaikuta kila kona, sababu Seiko wanawauzia makampuni mengine kibao, kwa hiyo saa za majina ambayo hujawahi kuyasikia unaweza kufungua mgongo ukakuta NH35 imekaa humo. Ina vito 24, yaani vijiwe vigumu vinavyopunguza msuguano ndani, ikijaa inatembea kama masaa 41 bila kuvaliwa, unaweza kuijaza kwa kuzungusha krauni, na ukivuta krauni mshale wa sekunde unasimama ili uiseti sawasawa na saa nyingine. Ile mashine ya zamani ya 7S26, iliyokuwa kwenye SKX007, saa ya kupigia mbizi ya Seiko, haina hayo mawili ya mwisho, huwezi kuijaza kwa krauni wala kusimamisha sekunde, ila kwa uimara sina neno nayo.

Orient wanatengeneza mashine zao wenyewe na mi nawapenda kwa hilo, ila angalia toleo. Saa zao za Mako za mwanzo zilikuwa na mashine isiyojazwa kwa mkono, hizi za baadae kama Kamasu zinajazwa na sekunde inasimama. Mashine ya Miyota 8215 nayo ni ngumu sana kufa, ila rota yake inajaza ikizunguka upande mmoja tu, ukienda upande wa pili inateleza bure na utaisikia kabisa ikivuma ndani ukitikisa mkono, wengi wanadhani saa imeharibika wanairudisha dukani, kumbe ndo ilivyo.

Sasa usahihi, na hapa naomba mnisikilize maana ndo panapoleta manung'uniko mengi. Seiko wenyewe kwa NH35 wanakuambia inaweza kuchelewa mpaka sekunde 20 au kuwahi mpaka sekunde 40 kwa siku. Mara nyingi hali halisi ni nzuri kuliko hapo, lakini ukinunua automatiki ya bei nafuu ukitegemea iwe kama ya betri utaichukia bure. Ikiwahi au ikichelewa kidogo jaribu kubadili inavyolala usiku, iweke uso juu, usiku mwingine ilaze kwa ubavu krauni ikiwa juu, kila saa ina mkao inaouongezea na mkao unaoupunguzia na ukishaijua yako unaisawazisha bila fundi.

Maji. Ile namba ya mita kwenye uso wa saa inachanganya sana watu. Saa iliyoandikwa mita 30 haimaanishi uzame mita 30, hiyo ni ya matone ya kunawia mikono basi. Ya mita 100 unaogelea nayo bila wasiwasi kama raba ni nzima na krauni imefungwa. Ya kupigia mbizi kweli ina kiwango chake cha kimataifa, ISO 6425, kinachotaka angalau mita 100, na kila saa moja moja ijaribiwe kwa presha inayozidi ile iliyoandikwa kwa robo, yaani ya mita 200 inapimwa kwa presha ya mita 250. Saa zilizopita hapo huandikwa neno Diver's usoni pamoja na namba. Ikiandikwa Water Resistant tu haina maana ni mbovu, mi nina Orient ya hivyo ya mita 200 na naogelea nayo baharini kila nikipata nafasi, ila ujue hicho cheti haina, na kama unazama na mtungi mgongoni tafuta yenye Diver's.

Mfano mzuri wa kwa nini usinunue kwa kuangalia sura ni hii hapa. SKX007 ilitoka mwaka 1996, mita 200, krauni ya kukaza kwa kuzungusha, imepita ISO. Mwaka 2019 Seiko wakaleta familia mpya ya 5 Sports, sura ni karibu ile ile, mashine imekuwa nzuri zaidi, lakini maji yameshuka mpaka mita 100 na krauni ni ya kusukuma tu. Ni saa nzuri na naipendekeza kwa mtu wa ofisini, ila ukiivaa ukidhani ni SKX yenye nguo mpya halafu ukaenda kuzama nayo, shauri yako.

Ukiwa na saa mkononi dukani fanya hivi. Fungua krauni kwa kuizungusha, ikishaachia itaruka nje kidogo kwa springi yake. Halafu irudishe, isukume taratibu na kabla ya kukaza izungushe kinyume kidogo mpaka usikie nyuzi, ile mikato ya skrubu, zimekaa, kisha kaza. Inatakiwa iingie laini, mizunguko kadhaa, bila kukwaruza. Ikikwama au ikipanda upande, rudisha kwa muuzaji, usikubali kuambiwa itazoea, nyuzi zikishalika raba ya ndani haibanwi tena na hapo ndo maji yanapitia. Rafiki yangu aliletewa saa mpya yenye krauni ya namna hiyo, akaoga nayo maji ya moto, kioo kikaweka ukungu kuanzia pale pale kwenye krauni, na kesho yake mshale wa sekunde ulikuwa na kidoa cha kutu kwenye ncha. Maji ya moto na mvuke ni vibaya kuliko bwawa, raba inapanuka na kusinyaa, kwa hiyo bafuni vua tu hata kama saa ni ya mita 200.

Baada ya krauni shika ile pete ya juu yenye dakika, bezeli. Izungushe, inatakiwa iende upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa mishale. Sababu yake ni ya uhai kabisa, mzamiaji anaweka alama ya bezeli kwenye mshale wa dakika akianza kuzama, sasa pete ikigongwa kwenye jiwe ikasogea, inaweza kumwonyesha amekaa chini muda mrefu zaidi tu, atapanda mapema, haiwezi kumdanganya kwamba hewa bado ipo nyingi. Sikiliza mlio wa kila hatua, isukume kidogo mbele na nyuma uone kama inacheza, na angalia alama ya juu imekaa sawa na namba 12. Bezeli iliyopinda nusu hatua haizuii kitu lakini itakuudhi kila ukiangalia mkono, mi siwezi kabisa kuivumilia.

Nje ya Japan kuna Vostok Amphibia ya Urusi, ya tangu 1967, hii ina akili yake. Kioo chake ni cha plastiki nene, na kadri unavyozama presha inakibana zaidi kwenye bodi, kwa hiyo kinazidi kuziba. Krauni yake ukiifungua inalegea mpaka unaogopa, imetengenezwa hivyo makusudi. Bezeli nyingi za kwake zinazunguka pande zote mbili, kwa hiyo ukizama kweli zingatia hilo.

Vioo vingine: safaya haichubuki kirahisi, nimevaa miaka na haina hata mkwaruzo, ila ikipigwa vibaya inapasuka. Kioo cha kawaida cha madini, na Hardlex ya Seiko imo humo, kinachubuka haraka ila kinavumilia kugongwa. Kwa matumizi ya kila siku mi nachukua safaya. Mwanga wa gizani jaribu mwenyewe, mulika tochi ya simu sekunde chache halafu funika kwa kiganja uchungulie, na hakikisha kile kidoti cha bezeli nacho kinawaka, saa nyingi za bei ya chini wanasahau hapo.

Saizi watu wanaangalia upana wa uso tu, 42 au 40, wakati kinachoamua ni urefu kutoka pembe ya juu mpaka ya chini pale mkanda unaposhikia. SKX ni zaidi ya milimita 42 upana lakini pembe zake ni fupi, kama milimita 46, kwa hiyo inakaa vizuri hata kwa mkono mwembamba, kuliko saa ya 40 yenye pembe ndefu zinazoning'inia. Pima sehemu bapa ya juu ya mkono kwa rula, urefu wa saa usiizidi.

Feki zipo nyingi, na zilizotumika zipo zilizounganishwa vipande, uso wa saa moja, mgongo wa nyingine. Omba picha ya mgongo, namba za modeli zilingane na za uso, na uulize raba zilibadilishwa lini, muuzaji akikosa jibu chukulia hazijaguswa na usiitie maji mpaka fundi azibadilishe na kuipima presha.

Ukishaivaa, usibadilishe tarehe kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tisa usiku maana gia za tarehe zinakuwa zimeshikana, shusha mishale chini upande wa namba 6 kwanza ndo ubadili. Ikianza ghafla kuwahi dakika kadhaa kwa siku usikimbilie kusema mashine imekufa, mara nyingi imeshika sumaku, kava la tableti au spika inatosha. Sogeza dira ya sindano karibu, sindano ikiyumba ndo hiyo, na kifaa cha kuondoa sumaku ni cha bei rahisi, kazi ya sekunde tu. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, krauni ikiwa imefungwa, na zungusha bezeli chini ya bomba itoe mchanga. Raba zikaguliwe kila mwaka kama unaogelea nayo sana. Na mashine ikichoka baada ya miaka, kama ni NH35 muulize fundi bei ya kuweka mpya nzima kabla hajaanza kuifungua ile ya zamani kipande kwa kipande, mara nyingi mpya inakuwa rahisi kuliko kazi ya kuisafisha, na saa unaondoka nayo siku hiyo hiyo.