Maswali na majibu: Matairi makubwa na spidomita inayosoma uongo

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu kitu kimoja: mtu kafunga matairi makubwa kwanza, halafu ndipo anauliza. Wengi hata saizi hawakuandika. Jamani, saizi imeandikwa ubavuni mwa tairi kwa herufi kubwa. Inameni mkaisome.

Swali: Fundi, nimetoka kwenye 265/70R16 nikafunga 285/75R16. Spidomita inakosea kwa kiasi gani?

Afadhali wewe umetaja saizi. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi la zamani: 265 mara 0.70 ni 185.5. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo mara mbili, 371. Ongeza rimu, 16 mara 25.4, yaani 406.4. Jumla milimita 777.4. La sasa, kwa njia hiyo hiyo, ni 833.9. Gawanya kubwa kwa dogo: 1.073. Mshale ukisoma 80 unakwenda 86, ukisoma 100 unakwenda 107.

Hiyo ni hesabu ya karatasi. Tairi lililobeba gari hubonyea, na tairi jipya hutofautiana na lililokwisha: kashata (vinundu vya mpira vinavyogusa barabara) zikilika kutoka milimita 8 hadi 1.6, kipenyo kimepungua karibu milimita 13. Ukitaka namba ya kuaminika, jaza upepo unaotakiwa, chora mstari wa chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari likiwa na mzigo wake wa kawaida hadi tairi lizunguke mara tatu kamili, pima, gawanya kwa tatu. Huo ndio mzingo halisi. Usichukue kipenyo ukazidisha kwa 3.14, kwa sababu kwa tairi la radiali (ile R kwenye saizi) barabarani kizidisho kiko karibu na 3.05. Kwa tairi lako ni tofauti ya zaidi ya sentimita 7 kila mzunguko.

Swali: Si spidomita za kiwandani huzidisha mwendo? Basi tairi kubwa linasawazisha, hakuna haja ya kugusa chochote.

Nusu kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza spidomita kuonyesha pungufu ya mwendo halisi hata kidogo, lakini inairuhusu izidishe hadi asilimia 10 na kilomita 4 kwa saa juu yake. Gari linalokwenda 100 kweli linaweza kuonyesha hadi 114 na likawa halali. Kwa hiyo watengenezaji huegemea upande wa kuzidisha, kila mmoja kwa kiasi chake. Lako linazidisha kwa ngapi? Hujui mpaka upime. Likizidisha kwa 3 na tairi likatoa 7, tayari unakwenda kasi kuliko mshale.

Pima kwa GPS ya simu: barabara tambarare na iliyonyooka, anga wazi, mwendo usiobadilika kwa nusu dakika, kwa sababu GPS huchelewa kufuata gari linaloongeza au kupunguza kasi. Fanya kwenye 60 na kwenye 100. Na anayesoma simu awe abiria, si wewe.

Tena, odomita, yaani kihesabu kilomita, kwa kawaida haikuongezewa chumvi kama mshale. Yenyewe itapunguza ile asilimia 7 yote. Oili unayodhani umeibadilisha kwenye kilomita 5,000 imeshatembea zaidi ya 5,360.

Swali: Ulaji wa mafuta umepanda ghafla baada ya kufunga matairi. Injini imeharibika?

Odomita inahesabu kilomita pungufu. Zidisha kwanza kilomita zako kwa uwiano wa matairi, halafu ndipo umshitaki injini.

Swali: Fundi wa mtaani kang'oa mshale akausogeza mbele kidogo. Sasa unasoma sawa kwenye 100. Kuna ubaya?

Upo, na huyo usimrudie. Kosa la tairi ni la uwiano, linakua kadiri mwendo unavyokua. Kusogeza mshale ni kuongeza kiasi kile kile kila mahali. Mshale ulipokuwa ukisoma 20, wewe ulikuwa unakwenda 21 na nusu. Sasa unasoma 27. Gari likisimama mshale haukai kwenye sifuri, au umelazimishwa dhidi ya kizuizi chake. Odomita bado inakosea vile vile, na kompyuta ya giaboksi haina habari kwamba kuna mtu aligusa kitu.

Swali: Skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) niliyochomeka inaonyesha mwendo tofauti na dashibodi. Nifuate ipi?

Hakuna. Skana inasoma sensa ile ile inayohesabu mizunguko ya tairi ambalo kompyuta haijui ukubwa wake. Mara nyingi huwa chini ya mshale kwa sababu haina ile nyongeza ya dashibodi, basi. Hata mkiniuliza mara ngapi, jibu ni GPS.

Swali: Gari langu ni la zamani, spidomita ni ya kebo. Nifanyeje?

Kebo inaingia kwenye giaboksi au transfa (sanduku linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), na mwisho wake kuna gia ndogo, mara nyingi ya plastiki. Tairi kubwa huzunguka mara chache kwa kilomita, kwa hiyo kebo inatakiwa izunguke kwa kasi zaidi. Maana yake gia yenye meno machache. Watu hununua yenye meno mengi wakidhani kikubwa kinafuata kikubwa.

Zidisha meno ya sasa kwa kipenyo cha zamani, gawanya kwa kipenyo kipya. Kama gia ina meno 20 na matairi ni hayo ya swali la kwanza, unapata 18.6. Gia ya meno 18.6 hakuna. Ukichukua 19, spidomita itabaki nyuma kwa asilimia 2 hivi kulinganisha na ilivyotoka kiwandani. Ukichukua 18, itazidisha kwa karibu 3.6. Mimi nachukua 18. Bora mshale unaokutisha kuliko unaokubembeleza.

Hesabu meno ya ile uliyoitoa wewe mwenyewe, usiamini rangi ya plastiki. Badilisha pia ringi ya mpira ya kuzuia oili. Ya zamani ikirudishwa, oili hupanda ndani ya kebo na siku moja utaikuta kwenye dashibodi. Kwenye Jeep nyingi za zamani kishikio cha gia hiyo kimetobolewa pembeni, si katikati, na kina namba za meno ukingoni. Lazima ukizungushe hadi kundi la namba linalolingana na gia mpya likae mahali pake. Ukikirudisha kilivyokuwa, gia itabana au itakosa kushika, na plastiki italika mapema.

Swali: Nimenunua kifaa cha kurekebisha mapigo ya sensa. Nikate waya gani?

Kabla ya kukata, tafuta mchoro wa umeme wa gari lako. Unaulizia kukata bila kutaja gari!

Mapigo ni ishara za umeme ambazo sensa hutuma kadiri gari linavyokwenda. Kifaa kina nyaya nne: umeme wa swichi, ethi, mapigo yanayoingia na mapigo yanayotoka. Kinakaa kwenye waya wa mapigo, kati ya sensa ya giaboksi na kitu cha *kwanza* kinachoyapokea. Magari mengi ya Kijapani ya zamani hupeleka mapigo kwenye dashibodi, kisha dashibodi huyapeleka kwenye kompyuta ya injini. Ukikata baada ya dashibodi umerekebisha kompyuta ukaacha mshale. Ukikata mahali ambapo kompyuta hupata mapigo yake kwa njia nyingine, mshale utakuwa sahihi lakini giaboksi ya otomatiki itabadili gia kwa mwendo wa uongo.

Angalia pia aina ya sensa. Yenye nyaya tatu kwa kawaida hutoa mapigo ya mraba. Yenye nyaya mbili mara nyingi hutoa wimbi dogo la umeme geu, na si kila kifaa hulisoma. Unga kwa kulehemu, si kwa kusokota na utepe. Weka kifaa ndani ya gari, mbali na joto na koili za moto. Mshale ukitetemeka, anza na ethi. Halafu weka nyongeza ya asilimia 7.3, pima kwa GPS, rekebisha.

Na msithubutu kuchomeka kifaa hiki kwenye waya wa sensa ya gurudumu ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukishika breki). Mtaidanganya breki kwamba gurudumu moja linakwenda kasi kuliko mengine.

Swali: Langu ni jipya, mwendo unatoka kwenye sensa za ABS. Nimeambiwa haiwezekani.

Inategemea mtengenezaji. Kwenye Ford nyingi mzingo wa tairi umeandikwa kwa milimita ndani ya kompyuta ya bodi, na hubadilishwa kwa programu kama FORScan. Weka ule mzingo uliopima kwa chaki, hifadhi kwanza namba za awali, na unganisha chaja ya betri: umeme ukishuka katikati ya kuandika, utanunua kompyuta. Kwa gari lisilo na nafasi hiyo, kuna vifaa vinavyokaa kati ya dashibodi na mtandao wa gari.

Swali: Nilibadilisha gia za difu kutoka uwiano wa 3.909 kwenda 4.300 pamoja na matairi hayo ya 285. Bado nirekebishe?

Kama sensa iko kwenye giaboksi au transfa, difu mpya imeongeza usomaji kwa asilimia 10 na tairi limeupunguza. Unabaki na ziada ya asilimia 2.5 hivi. Pima, huenda usiguse kitu. Kama mwendo unatoka kwenye sensa za magurudumu, difu haihusiki na kosa la tairi liko palepale. Kwa hiyo mpangilio ni tairi, difu, kisha spidomita. Anayeanza na spidomita atailipia mara mbili. Na breki mmezikagua? Tairi refu huipa breki ile ile kazi zaidi, lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Swali: Naweza kufunga makubwa nyuma tu? Gari ni la magurudumu manne.

Usifanye. Mbele na nyuma zitazunguka kwa kasi tofauti, utaua transfa.

Swali: Nikisharekebisha, kilomita zilizopotea zitarudi kwenye odomita?

Hazirudi. Marekebisho yanaanza pale ulipoyafanya. Anayejitolea kuzisogeza anachezea odomita, na nchi nyingi zinakuhesabia hilo kuwa kosa la jinai hata kama nia ni njema. Andika kwenye daftari la huduma: tarehe, kilomita zilizosomeka siku ulipofunga matairi, kilomita siku ya marekebisho, na uwiano. Ukiuza gari, mnunuzi apewe na ukurasa huo.