Muulizeni mgonjwa mwenyewe

Miezi mingi nilimpeleka baba kliniki ya kisukari mjini Dodoma, na kila swali nilijibu mimi. "Mzee anakula nini?" Nadakia. Baba yupo palepale, kofia magotini, kimya.

Alipoandikiwa insulini tukaambiwa ikae kwenye friji. Nikaitikia, tukarudi kijijini, Chamwino, ambako friji hatuna. Chupa ikakaa ndani, chini ya bati, na joto la Oktoba mnalijua. Sukari haikushuka. Kliniki iliyofuata tukafokewa kwamba mgonjwa anaruka sindano.

Hapo baba akasema kwa Kigogo, nami nikatafsiri: dawa inapikwa na bati. Muuguzi akaweka kalamu chini, akatufundisha: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati yake mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu, chupa kwenye mfuko usiopenya maji, vyote kivulini penye upepo. Hewa yetu ni kavu, maji yanakauka upesi, na kule kukauka ndiko kunakopoza chungu. Chupa ikishafunguliwa iandikwe tarehe, isipite siku 28. Baba angeulizwa siku ya kwanza, tusingepoteza dawa.

Basi wewe unayemsindikiza mzazi, jioni kabla ya kliniki kaa naye, muulize kwa lugha yake kinachomsumbua. Chumbani kwa daktari aanze yeye, wewe ujazie. Mkiambiwa jambo lisilowezekana nyumbani, semeni palepale. Huko si kumkosea daktari adabu.

Baadaye akaja mtafiti na fomu ya ridhaa, yaani ya kukubali kutolewa damu ya utafiti. Nilishashika kalamu nisaini, baba akanizuia mkono. Hajui kusoma, akataka asomewe yote. Akauliza: nikikataa, dawa nitaendelea kupewa? Akajibiwa ndiyo, na hata akikubali anaweza kujitoa siku yoyote. Akauliza tena: mkishapata majibu, mtatuletea? Mtafiti alisita, kisha akaliandika swali lile. Kwangu hilo ndilo swali zito kuliko yote, maana damu ni yetu. Nanyi ulizeni pia kama utafiti una kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na namba ya kupiga mkiwa na malalamiko.

Baba akaweka dole gumba, jirani asiyehusika na utafiti akawa shahidi. Nakala yetu tuliiomba. Ameikunja pamoja na kadi yake ya kliniki.