Kwa makatibu na walimu wapya wa kwaya: ufunguo wa kabati si wa kwaya yenu

Mbukwenyi wadogo zangu.

Jumapili iliyopita kwaya ya vijana ilimaliza zamu yake, na kabla waumini hawajamaliza kuitikia amina, kijana wa kinanda alikuwa ameshachomoa adapta, anaviringisha waya na kuutia kwenye begi. Kwaya ya uinjilisti walikuwa wamesimama tayari. Mwalimu wao alikuwa ameinua mikono, anasubiri apigiwe sauti. Mikono ile aliishusha taratibu. Nilikuwa benchi la nne, niliona yote, na sikutaka kumfokea mtoto wa watu kanisani. Nimekaa kwenye kwaya za hapa Dodoma zaidi ya miaka 20: mwanakwaya, kisha katibu, sasa mlezi. Haya mnayoyafanya nayajua, kwa sababu nilishayafanya.

1. Ratiba ya uimbaji. Kila kwaya inataka kuimba kabla ya mahubiri, na hakuna inayotaka kuimba wakati wa sadaka, watu wanapopita mbele na bahasha zao. Zungusheni. Katibu anayeiweka kwaya yake kabla ya mahubiri Jumapili tatu mfululizo asituambie imetokea tu.

2. Sare. Kabla ya kulipia kitambaa, waonyesheni makatibu wa kwaya nyingine.

3. Ufunguo wa kabati la vyombo. Hapa naomba mnivumilie.

Miaka 14 iliyopita nilikuwa katibu wa kwaya ya vijana. Kwaya yetu ndiyo iliyohangaikia fedha za spika mbili na maiki nne. Tuliuza vitumbua baada ya ibada, tukafanya vibarua kwenye mashamba ya zabibu, msimu mzima. Vyombo vilipopatikana tukaviandika kwenye daftari la mali za kanisa, lakini mioyoni mwetu vilibaki vyetu. Ufunguo nilikaa nao mimi, nimeufunga kamba ya kijani.

Ikafika sikukuu ya mavuno, mwezi wa saba. Mnaujua mwezi wa saba wa Dodoma: upepo unaamka na vumbi lake asubuhi, na turubai linapigapiga mpaka jioni. Ibada ilikuwa nje, maana mitaa yote ya parishi ilikuja. Mbele ya madhabahu kulikuwa na magunia ya uwele na mtama, karanga, alizeti, kuku waliofungwa miguu, vyote vikisubiri mnada. Kwaya ya akina mama wa mtaa mmoja wa mbali walifika wamejitwika ngoma zao za muheme. Walikuwa wametembea tangu alfajiri.

Mwaka uliotangulia akina mama hao walitushinda kwenye mashindano ya parishi. Sisi tulikuwa na sauti nne zilizopangwa kwa solfa, kinanda na sare mpya. Wao walikuja na muheme na kayamba, wakatushinda waziwazi. Lile jambo lilinikaa rohoni mwaka mzima, na nililiita bidii ya kazi ya Bwana.

Tuliimba kwanza sisi. Tulipomaliza nikakusanya maiki zote nne, nikasema betri zinaisha. Maiki zile zilikuwa za waya, hazikuwa na betri. Nikazifungia kabatini. Mwenyekiti wao, mama wa makamo, akanifuata. "Mwanangu, tunaomba maiki moja tu, ya anayeanzisha." Nikamjibu kwamba mhazini ameondoka na ufunguo. Akanitazama usoni. Akasema, "Haya, mwanangu," akarudi kwa wenzake.

Wakaimba. Wimbo ulikuwa wa Kigogo, wa kushukuru. Mwaka ule mvua ilichelewa, uwele wa kwanza ukakauka ukiwa mchanga, watu wakapanda mara ya pili kwa mbegu za kuomba kwa jirani. Wimbo ulisimulia hayo yote, mwanzilishi akitoa mstari na wengine wakiitikia. Ila upepo ulikuwa unayachukua maneno. Ngoma ilisikika mpaka barabarani, lakini maneno hayakuvuka benchi la tatu. Huko nyuma watu wakaanza mazungumzo yao. Palikuwa na bibi mmoja upande wa kushoto, ameweka kiganja nyuma ya sikio na kuinama mbele, akijaribu kushika hata neno moja. Alikaa vile mpaka wimbo ukaisha.

Wakati wa chakula nikakuta anayepakua ni yule yule mwenyekiti. Akanipakulia ugali wa uwele na mlenda, akaongeza kipande cha kuku ambacho sikukiomba. Kisha akainama, akaniambia kwa sauti ya chini: "Ingiza hiyo kamba ndani, mwanangu, itakuangukia." Kamba ya kijani ilikuwa inaning'inia nje ya mfuko wa suruali yangu. Ilikuwa inaning'inia tangu asubuhi.

Ilinichukua wiki tatu kupata ujasiri wa kwenda kwao. Niliwakuta wanapeta uwele uani. Niliomba msamaha mbele ya wote, wakanisamehe, na mama yule akanitajia ule wimbo ubeti kwa ubeti, nikaandika kwenye daftari. Nikamwomba wauimbe tena mtaani kwetu, safari hii nitawawekea maiki mwenyewe. Akatikisa kichwa. Ulikuwa wimbo wa mavuno yale, akasema, mwakani Mungu akijalia watatunga mwingine. Walitunga kweli, tena mzuri. Ule wa kwanza watu wa parishi hawajausikia mpaka leo. Daftari ninalo. Kijana wangu wa adapta, siku ukitaka kulisoma, njoo nyumbani.

4. Ta, ile noti ya solfa iliyo nusu sauti chini ya ti. Wapiga kinanda, acheni kuwaambia mama zetu kwamba wanashusha sauti. Nyimbo nyingi za Kigogo zinatembea kwenye s, ta, d, r, m (so, ta, do, re, mi), na ile ta yao iko chini kidogo kuliko ta ya kinanda. Si kosa. Ndivyo unavyolia uzi wa zeze ukiuacha ulie wenyewe, na ndivyo marimba ya Kigogo inavyotengenezwa. Hayati Hukwe Zawose, mwanamuziki, mtoto wa mkoa huu huu, aliimba na kupiga hivyo hivyo, na dunia ikamsikiliza kwa heshima. Mama wakiimba kwa muheme, ondoa vidole kwenye kinanda. Ukitaka kushiriki, shika kayamba, nao watakufundisha kwa furaha.

5. Wageni. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, kwaya zetu zimepokea waimbaji wazuri sana kutoka Moshi, Mbeya, Mwanza na Dar es Salaam. Karibuni, nasema kwa moyo. Besi zetu zilikuwa mbili, sasa ni tisa! Lakini mkae miezi sita kabla ya kusema "kule kwetu tulikuwa tunafanya hivi". Nanyi wenyeji, mkisikia maneno hayo, msinune. Kuna mwalimu mmoja mgeni tulimnunia mwezi mzima, kumbe alichokuwa anataka ni tuanze mazoezi kwa wakati, na alikuwa na haki.

6. Matangazo. Kwaya yenu ikialikwa mtaa mwingine, wakumbusheni wazee watangaze pia kwaya zinazobaki nyumbani.

7. Utaratibu mpya. Nimeshazungumza na mchungaji. Kuanzia wiki hii ufunguo wa kabati unakaa kwa mzee wa zamu, na adapta inafungiwa humo humo pamoja na kinanda. Daftari lina safu tatu: jina, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha. Mazoezi ya Jumatano ni saa kumi na moja jioni, na wa kwanza kuchukua vyombo ni kwaya ya uinjilisti. Kijana wa adapta atawahi, awafungie waya, akae awapigie sauti mpaka wamalize.