Duka haliruhusiwi kuuza watoto wa mbwa England

Unasema muuzaji wa duka kakuambia anaruhusiwa kukuuzia mtoto wa mbwa kwa kuwa ana chipu, yaani kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi. Hapana, huyo muuzaji kakudanganya. Hapa England, tangu tarehe 6 Aprili 2020 ni marufuku duka au dalali kuuza mtoto wa mbwa au paka wa chini ya miezi 6 ambaye hakumzalisha mwenyewe. Kuwa na chipu hakuhalalishi kitu, chipu ni lazima kwa kila mbwa. Unabaki na mfugaji mwenyewe au kituo cha kuokoa wanyama.

Inaitwa Sheria ya Lucy, jina la mbwa jike aliyeokolewa mwaka 2013 huko Wales, kwenye shamba la kuzalisha mbwa. Alizalishwa mfululizo, akafungiwa kizimbani mpaka mgongo ukapinda. Watoto wengi wa dukani mama zao waliishi hivyo, na mnunuzi hakuwaona kamwe.

Ila angalia, wapo wanaokodi nyumba na kukuonyesha jike yeyote wakisema ndiye mama. Tazama tumbo lake: aliyezaa juzijuzi chuchu bado zimeshuka, na watoto wanamfuata kila anapogeuka. Ukiona anawabweka au anawakwepa, ondoka.

Mimi paka wangu nilimchukua kituoni. Walinihoji kuhusu nyumba na saa zangu za kazi, nikakabidhiwa akiwa ameshahasiwa na kuchanjwa. Nenda kituoni kwanza, tafadhali. Watoto wa mbwa huwapo pia, si wazee tu.

Wales na Scotland zina sheria zao, za mwaka 2021.