Mafungo Maana Yake Kufunga

Jumatano usiku nilifungua simu nikakuta ujumbe wa msomaji, dada mmoja nesi wa Nzega. Ameniruhusu niuweke hapa, nimeufupisha tu: "Dada, shikamoo. Nimejibana miaka miwili nimepata milioni moja na laki mbili. Kuna mafungo ya siku saba Zanzibar, ya kugundua kusudi la maisha. Kazi nimeichoka, naamka sijui naamkia nini. Wewe ulishapita njia hiyo. Niende?"

Nimekaa na swali hilo siku tatu. Ningeweza kumjibu kwa mstari mmoja, lakini ninyi mnaonisoma wengi mko pale alipo yeye. Mnataka maisha yenye uzito, hamtaki kuhangaikia mshahara na kodi ya nyumba mpaka mzeeke. Basi acha nimjibu mbele ya wote.

Mwaka 2022 nilikuwa mhasibu Dar es Salaam, mwaka wa tisa kwenye kiti kilekile. Mkuu wetu wa kitengo alipostaafu, ofisi nzima ilijua nafasi ni yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga hesabu za mwezi, nabaki na mlinzi mpaka saa nne usiku. Wakampa kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Sitaeleza zaidi ya hapo, bado inauma.

Mwezi huohuo ndugu tukauza shamba la marehemu baba kule Urambo, shamba la tumbaku lililotusomesha wote watano. Mgao wangu ulipoingia nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikalipia kambi ya siku nne ufukweni, milioni moja na nusu, chakula na malazi ndani yake.

Nitasema kweli, siku nne zile zilikuwa tamu. Asubuhi mazoezi ya kupumua, mchana kila mtu na shajara yake chini ya mnazi, usiku moto na ushuhuda. Sijawahi kulia vile tangu tulipomzika baba. Mwezeshaji alitusimulia habari za Jane Goodall, msichana wa Kiingereza aliyeifuata ndoto yake mpaka Gombe akaishi na sokwe. Nami natoka Tabora, shangazi yangu kaolewa Kigoma, mwendo wa boti tu kutoka hapo Gombe penyewe, na habari hiyo naisikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimelipia! Siku ya mwisho tuliandika kusudi letu kwenye kadi. Yangu ilisema: "Nimezaliwa kuwainua wengine." Nikarudi nayo nikaibandika kwenye kioo.

Baada ya wiki tatu kadi ilikuwa palepale na mimi nilikuwa palepale. Kundi letu la WhatsApp likajaa matangazo ya ngazi ya pili na ngazi ya tatu. Nikalipia ya pili, Arusha. Hiyo sina cha kusimulia. Kufika Desemba hela ya shamba ilikuwa imeisha.

Krismasi tulikutana kwa mama, Tabora. Kaka yangu mkubwa aliuliza mbele ya wote nimefanya nini na mgao wangu. Nikaeleza. Akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo jasho la baba umelimwaga mchangani." Mama hakunitetea. Tangu siku ile mimi na kaka tunaongea kwenye misiba tu.

Januari nikapanda treni kwenda kwa shangazi kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Haikuwa safari ya kutafuta chochote, nilikuwa nakimbia macho ya watu wa kwetu. Njia nzima nililala, nikaamka Uvinza wauza chumvi wanapopita madirishani, na mara Kigoma, reli imeishia ziwani.

Shangazi anaishi Kibirizi, anakausha dagaa. Ana miaka zaidi ya thelathini kwa Waha lakini mimi hunisalimu Kinyamwezi. "Mwangaluka," akasema, akaniangalia juu mpaka chini. "Umekuja kufanya nini?"

"Kupumzika, shangazi."

"Pumzika, mwanangu. Ila alfajiri tunaamka wote."

Boti zinarudi kunapambazuka, taa bado zinawaka. Wanawake wako tayari na mabeseni. Dagaa wanaanikwa jua halijapanda, wanageuzwa, na mawingu yakijikusanya upande wa Kongo kila mtu anakimbia, kwa sababu dagaa walionyeshewa hawauziki kwa bei ya maana. Wiki ya kwanza mgongo ulinikataa. Sikuandika shajara wala sikutafakari. Nilikula ugali na migebuka, nikalala kama jiwe.

Kisha mwezi ukapevuka, kazi ikasimama. Mimi sikujua. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwenye giza, wanafuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kali hawakusanyiki taani, kwa hiyo wavuvi hupandisha boti, wakashona nyavu, wakaenda kuona wazazi wao vijijini. Kila mwezi wa Mungu, bila mwezeshaji na bila kiingilio, watu wa pale wanafunga kazi siku kadhaa.

Ndipo neno likanijia. Mafungo. Nimekulia kwenye ukatoliki, mapadre na masista wa kwetu wanakwenda mafungo kila mwaka. Jirani zetu Waislamu kumi la mwisho la Ramadhani wanakaa itikafu msikitini. Nilikuwa nalitamka neno hilo bila kulisikia. Mafungo ni kufunga. Anayekwenda mafungo anafunga mdomo, anafunga mlango, anafunga kula. Mimi kule ufukweni nilifunga nini? Simu ilikuwa mkononi, picha zilikuwa zinapanda kila saa, na hasira ya kazini nilikwenda nayo, nikalala nayo, nikarudi nayo. Mimi niliyekula mshahara miaka tisa kwa kufunga hesabu, hesabu yangu mwenyewe niliiacha wazi.

Siku za mbalamwezi ile nilikwenda Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti. Nendeni, hata wenyeji wa Kigoma wengi hawajafika. Pale ndipo Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alipomkuta Novemba 1871, mzee mgonjwa, vitu vyake alivyoagiza vimekwisha kuuzwa na waliopewa kuvitunza. Stanley alimsihi warudi wote kwao. Akakataa, alikuwa hajapata chanzo cha Nile. Waliagana Tabora mwaka 1872, na Livingstone akabaki Kwihara, karibu na hapo, miezi akisubiri wapagazi, kisha akaelekea kusini. Mei 1873 akafia katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mto Lualaba, aliokuwa anaamini ndio mwanzo wa Nile, maji yake yanakwenda Kongo.

Nilikaa chini ya mwembe wa pale muda mrefu. Nilimwonea huruma mzee yule kuliko nilivyotegemea. Lakini waliokaa moyoni mwangu ni Susi na Chuma, watumishi wake, ambao pamoja na wenzao waliubeba mwili wake kutoka kule mpaka pwani, Bagamoyo, miezi mingi kwa miguu. Wao hawakuwa wanatafuta chanzo cha mto wowote. Mtu wao alikuwa amekufa, na palikuwa na kazi ya kumfikisha.

Niliporudi Kibirizi nikamwambia shangazi, "Nipe kitu cha kubeba." Akacheka, akadhani ni beseni. Akafikiri kidogo, akaingia ndani, akatoka na madaftari matatu yaliyofungwa na uzi.

Yalikuwa madeni. Wachuuzi wanachukua dagaa kwa mali kauli, wanapeleka mjini, wanarudi na nusu ya hela na maneno mazuri. Shangazi alikuwa anaandika kila kitu, tarehe, jina, mabeseni, ila hakuna siku aliyokaa akajumlisha. Nilijumlisha kwa siku mbili. Mchuuzi mmoja peke yake, yule anayemletea zawadi ya kitenge kila Idi, alikuwa anadaiwa milioni mbili na laki tatu. Nilipomsomea, shangazi aliniomba nisome tena. Kisha akaenda kumwita jirani, na jirani akaja na daftari lake.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilisikia wanawake kumi na wanne wakibishana ukubwa wa beseni. Tukanunua mizani yetu. Tukakubaliana mali kauli mwisho wiki mbili, na anayedaiwa na mmoja wetu hauziwi na mwingine. Yule wa kitenge alilipa yote ndani ya miezi minne. Naandika hili kwa fahari na sioni aibu: uhasibu uleule nilioukimbia ndio uliorudisha fedha mifukoni mwa watu wanaoamka saa kumi na moja alfajiri.

Lakini ngoja, kuna upande wa pili, na huu ndio ninaotaka nesi wangu ausome kwa makini.

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, uvuvi ziwani ulisimamishwa. Nchi nne zenye ziwa hili, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana lipumzishwe samaki wazaliane na wakue. Sababu ni nzuri na naiunga mkono, kila mtu pale alikuwa anaona samaki wanavyopungua. Ziwa likaingia mafungo, miezi mitatu kamili. Na mle ndani nilijifunza kwamba kufunga kuna gharama, na mara nyingi anayeilipa si yule anayefunga. Waliokuwa na akiba walikaa, wakarekebisha vichanja, wakalima. Wasiokuwa nayo walikwenda kwenye mikopo ya kausha damu, na mpaka leo wapo wanaolipa riba ya miezi ile. Kikundi chetu tulikuwa tumeweka akiba kidogo kwenye kikoba, ikatufikisha Julai. Julai mpaka Agosti tulikula kwa shida. Ziwa lilipofunguliwa shangazi alisimama pwani usiku wa kwanza mpaka boti zikarudi, hakutaka kulala.

Hapo ndipo nilipomwelewa kaka, ingawa maneno yake sijayasamehe yote. Mimi nilipoacha kazi na kuifuata kambi, mama alikuwa anategemea laki na nusu yangu ya kila mwezi kwa dawa za presha. Nilifunga bomba na sikumwambia. Alilipia mafungo yangu bila kujua.

Ndugu zangu, tunadanganyana sana juu ya kusudi. Tunasimuliwa mwisho wa habari, katikati inarukwa. Jane Goodall huyohuyo, aliyefariki Oktoba 2025, kabla ya Gombe alihudumu mezani hotelini kwao ili apate nauli ya meli ya kuja Kenya, akafanya kazi ya ukatibu Nairobi, na alipofika Gombe Julai 1960 sokwe walimkimbia kwa miezi. Alikuwa anapanda kilimani kila siku na darubini anakaa. Kukaa ndiko kulikomfikisha. Sehemu hiyo mwezeshaji wetu hakuigusa, na ndiyo ambayo wewe na mimi tunaihitaji. Acheni kutafuta mahali patakapowaambia ninyi ni nani. Tafuteni mahali pana kazi ambayo haijafanyika, mfunge midomo, mshike. Zimeni simu. Lipeni deni kwanza. Waambieni wanaowategemea. Halafu zimeni simu, narudia, kwa sababu najua hamtazima.

Sisemi kambi zote ni bure. Zile siku nne zilinipa kilio ambacho nilikuwa nimekizuia mwaka mzima, na pengine bila kilio kile nisingeweza kukaa kimya Kibirizi. Ila kilio kile ningeweza kukipata kwa mama jikoni, bila kulipa shamba.

Sasa mdogo wangu wa Nzega. Kwanza sikiliza uchovu wako unatoka wapi. Umeniandikia kazi umeichoka, lakini kwenye ujumbe wako mrefu, ule ambao sikuuweka hapa, umetaja wagonjwa watatu, hali zao na walivyopona. Mtu aliyeichoka kazi yake hakumbuki hivyo. Inawezekana ulichochoka ni zamu za usiku mfululizo na bosi asiyekuona. Hiyo ni hesabu nyingine, inafungwa kwa njia nyingine. Omba likizo yako yote, siku 28, ambayo umesema hujaichukua kwa miaka miwili.

Pili, ile milioni na laki mbili usiipeleke yote sehemu moja. Mwambie mama yako kwamba mwezi huo hutatuma, au mtumie kabla.

Tatu, ukishapata likizo panda treni Tabora uje huku. Ukija kwenye giza utaamka na sisi alfajiri kugeuza dagaa, na wapo akina mama watatu hapa wenye presha ambao hawajapimwa tangu mwaka jana, kwa hiyo beba kile kipimo chako. Ukija kwenye mbalamwezi tutakaa tu, nitakupeleka Ujiji. Nauli na chakula havitafika laki mbili. Ukishuka stesheni chukua bajaji mpaka Kibirizi, ulizia mama wa madaftari. Mimi ndiye wanayemwita hivyo.